Magurudumu ya Baba Mkwe

Siku walipomwambia baba mkwe wangu kwamba watamhamishia Kindu, nilikuwa uani nikipepeta mchele, na nilisikia kila neno. Nasema walimwambia, lakini aliyesema alikuwa mmoja tu, shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, mwenye duka lake huko Kindu. Baba mkwe alinyamaza. Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ile ya Kasongo nilidhani ananinyamazia mimi tu kwa kunichukia, mpaka nilipogundua kwamba hata mbuzi wake alimwongoza kwa kumnyoshea fimbo bila kutamka neno.

Sababu ya maneno yale ilikuwa chai. Shemeji alikuja kwa harusi ya jamaa, na asubuhi alimwona baba yake akinyanyua kikombe kwa mikono miwili, na bado chai ikamwagikia kifuani. Mikono ya mzee ilianza kutetemeka alipofiwa na mkewe, kwanza vidole, kisha viganja, mpaka ikafika viwikoni. Sisi tuliokaa naye tulikuwa tumezoea. Nilikuwa namjazia kikombe nusu, na maisha yanaendelea. Lakini mtu anayetoka mbali huona yote kwa mara moja, na alichokiona shemeji ni kwamba baba yake, fundi wa baiskeli aliyekuwa akitafutwa na watu kutoka Wamaza mpaka Kabambare, hawezi tena kushika kikombe.

"Baba, hapa utateswa bure," alisema. "Kindu kuko munganga, kuko wajukuu. Hii nyumba tutaipangisha. Mukamwana atarudia kwao, ao atamufuata bwana yake ku Lusangi."

Mukamwana, yaani mke wa mwana, ndiye mimi. Mume wangu alikuwa Lusangi akichimba dhahabu kama vijana wengi, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka, mwembamba na mwenye ahadi nyingi. Mimi nilibaki kumtunza baba yake. Kukaa Lusangi kwenye vibanda vya wachimbaji sikutaka, nilikwisha kuviona. Na kurudi kwetu Kabambare na mzigo wangu kichwani, majirani wakiulizana kama nimeachwa au sijaachwa, hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote. Nilipepeta mchele ule kwa hasira mpaka kuku wakala vizuri.

Ndipo nikasikia sauti ya mzee.

"Kinga yangu," alisema. Kinga ndilo jina la baiskeli kwetu.

"Kinga gani, baba?"

"Yangu. Siku ya Idi, nikiipanda miye mwenyewe mpaka ku muskiti, mbele ya watu yote, nabakia. Nikishindwa, nitakuya Kindu na sitasema kitu."

Shemeji alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Baiskeli ile haikuwa imepandwa tangu wakati wa vita. Fremu yake ilining'inia ghalani, na magurudumu hakuna aliyejua yalipo. Nadhani alikubali kwa sababu aliona ni njia rahisi ya kumpata baba bila kumburuta. "Haya, baba," alisema. "Siku ya Idi." Ramadhani ilikuwa inaanza wiki ile.

Shemeji alipoondoka, mzee alichukua jembe akaenda ghalani, nami nikamfuata kwa mbali kwa sababu ya kuogopa asijikate mguu. Akachimba kidogo, akapumzika, akachimba tena. Kasongo mpunga ni mwingi, na chini ya ghala huwa kuna pumba za miaka na miaka, laini kama godoro. Chini ya pumba hizo ndimo yalimokuwa magurudumu mawili, yamefungwa kwa magunia yaliyokwisha kuoza.

Siku ile aliongea kuliko mwezi mzima. Alisema askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakichukua baiskeli za kubebea vitu walivyopora. Yeye akayatoa magurudumu, akayapaka mawese kila mahali, akayafukia. Askari walipofika akawachinjia kuku. "Walikaa juu yake wakakula kuku yangu," alisema, na mabega yakamtikisika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

Mawese yalisaidia, lakini si kwa miaka yote ile. Janti, ule mduara wa chuma unaoshika mpira, zilikuwa nyekundu kwa kutu pande zote. Rayo, vile vyuma vyembamba vinavyotoka katikati kwenda kwenye janti, nyingine zilikuwa zimelegea, nyingine zimekatika. Nilizihesabu: thelathini na mbili gurudumu la mbele, arobaini la nyuma. Nilimwangalia mzee, nikaangalia mikono yake, nikaona wazi kwamba kazi hii ama niifanye mimi ama nifunge mzigo wangu.

Sasa, kuna jambo la kueleza hapa. Mama yangu alinifunza kwamba mkwe haangaliwi usoni wala hapewi kitu mkono kwa mkono. Unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakiokota. Hata chumvi. Wengine mjini wameshaacha mambo hayo, lakini baba mkwe alikuwa mtu wa zamani, na mimi binti wa mama yangu. Basi jaribu kuwaza watu wawili wanaotengeneza gurudumu moja namna hiyo. Mzee alikaa kwenye kigoda, ameelekea ukuta wa ghala, mimi kwenye mkeka nyuma yake kidogo. Katikati yetu nililifudikiza beseni, na juu ya beseni ndipo vitu vyote vilipopita: ufunguo wa rayo, kitambaa, vipande vya ndimu. Naweka, narudi nyuma. Anachukua, anatazama, anaweka. Nachukua.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilileta mchanga wa mtoni, nikasugua janti kama ninavyosugua sufuria iliyoungua, kwa nguvu zangu zote, nikijisikia mwanamke wa kazi. Kutu ilitoka, na nikeli yake ikatoka nayo. Mahali pa upana wa viganja viwili pakabaki chuma kitupu, kijivu.

"Mukamwana," alisema bila kugeuka. "Ile sauti iko ya muchanga."

"Ndiyo, baba."

"Hii iko janti, haiko sufuria."

Nilitamani ardhi ipasuke, kisha nikakasirika, maana ndiyo tabia yangu: aibu ikinipata hugeuka hasira kabla sijameza mate. Moyoni nikasema, kama unajua sana, mbona husugui mwenyewe? Yeye aliinuka, akaenda kwenye lundo la pumba za mpunga, akajaza beseni jingine, akaziwasha moto. Zinaungua polepole pumba, hazitoi ndimi. Kwanza zinakuwa nyeusi, na mtu asiyejua angezichukua hapo. Mzee alisubiri. Alasiri nzima alikaa akizigeuzageuza na kijiti mpaka zikawa nyeupe hadi chini. Majivu yale akanionyesha niyachekeche kwa kitambaa chembamba, mara mbili. Kilichobaki ni unga laini kuliko wa muhogo, lakini ukiutia kati ya meno unasikia kwamba una makali.

Hiyo ndiyo dawa. Unakata ndimu, unaichovya kwenye majivu, unasugua kutu kwa duara ndogo ndogo, unaiacha ndimu itafune kutu kidogo, halafu unafuta kwa kitambaa chenye maji. Unarudia. Hakuna nguvu ndani yake, kuna kurudia tu. Na ilikuwa Ramadhani! Kukamua ndimu saa tisa alasiri, kinywa kikavu, harufu yake ikikujia puani mpaka mate yanajaa na huna ruhusa ya kufurahia hata hayo mate, hilo ni jaribu ambalo sheikh hakulitaja kwenye hotuba zake. Nilimwambia baba mkwe hivyo siku moja, na mabega yake yakatikisika tena.

Siku ya tatu jioni, palikuwa na urefu wa mkono mmoja wa janti unaong'aa. Nilikaa nikaukodolea macho. Nikaona paa la ghala ndani yake, nikaona kilemba changu. Nimepika, nimelima karanga Kabambare, nimefuma mikeka, lakini kazi iliyonirudishia uso wangu namna ile sikuwahi kuifanya. Nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa, wala sioni haya kuisema.

Rayo ziliposafishwa, moja moja, kwa kitambaa kilichozungushwa na kuvutwa huku na huku, na zilizokatika zikabadilishwa, ikaja kazi ya kunyoosha, na hapo ndipo nilipomjua mzee yule. Gurudumu lililokaa miaka chini ya pumba huwa limepinda. Ukilizungusha linayumba kama mtu aliyetoka kunywa. Ili linyooke, lazima rayo zote zivutane kwa nguvu sawa, upande huu na upande ule, na nguvu hiyo haionekani kwa macho. Mafundi wengine wanaweka kijiti karibu na janti na kuangalia inapogusa. Mzee hakutaka kijiti.

"Ipige na kucha," alisema.

Nikapiga rayo ya kwanza kwa kucha. Ikalia.

"Ingine."

Nikapiga ya pili, ya tatu, ya nne. Yeye ameelekea ukuta, kofia yake imelala kidogo upande, mikono yake kaifungia kati ya magoti ili itulie. Nilipofika ya tisa akainua kidevu.

"Ile imelala. Iamushe kidogo."

Niliizungusha kwa ufunguo, robo ya mzunguko. Nikapiga tena. "Bado." Robo nyingine. "Ile. Basi." Nikaendelea. Kwangu zote zililia sawa, chuma ni chuma. Lakini alinisimamisha ya kumi na saba, akanisimamisha ya ishirini na tatu, akasema hiyo imevutwa mno, ilegeze, inaonea wenzake. Tulipomaliza nikalizungusha gurudumu, na kule kuyumba kulikuwa kumepungua nusu. Na mzee hakuligusa. Hakuliangalia hata mara moja.

Wakati ule ndani yangu kitu kilimwinamia yule mzee, na hakikuinuka tena mpaka leo. Watu wote, mimi nikiwa mmojawapo, tulikuwa tumeangalia mikono yake ikitetemeka tukadhani ufundi umemtoka kwa njia ya vidole. Kumbe ulikuwa umekaa pale pale ulipokaa siku zote, kichwani, kati ya sikio na sikio, na ulikuwa unangoja mtu wa kupiga kucha.

Siku zote hazikuwa nzuri. Wiki ya tatu nilizungusha ufunguo kwa haraka, kwa sababu futari ilikuwa bado jikoni, na rayo ikakatika kwa kishindo ikanichapa kidole. Nikautupa ufunguo chini. Mbele ya mkwe! Nikasema kwa sauti kwamba mimi si fundi, ni mwanamke wa kupika majani ya sombe, na wanaume wa nyumba hii wako wapi. Kisha nikasikia nilichokisema. Mzee akainuka polepole, akautafuta ufunguo kwenye vumbi, na kwa mikono ile ilimchukua muda kuushika. Akaufuta kwa kanzu yake, akauweka juu ya beseni. Akakaa, akaelekea ukuta.

"Rayo zinakatikaka," alisema. "Hata miye nilikata mingi."

Haraka haraka haina baraka, mtoto mdogo anajua hivyo. Nikatia rayo nyingine aliyoitoa kwenye gurudumu bovu la zamani, na futari siku ile tulikula ikiwa imechelewa.

Siku za mwisho tulifunga magurudumu kwenye fremu. Mipira mipya nilinunua sokoni. Mzee akataka na breki zirudi, jambo lililonishangaza, maana tangu nizaliwe sikuwahi kuona baiskeli yenye breki ikifanya kazi. Wasukuma baiskeli wanaotoka Wamaza na mizigo ya mpunga na madumu ya mawese huzitoa zote kupunguza uzito, na kwenye mteremko huzuia kwa soli ya kandambili. Baiskeli ya mzee ilikuwa na breki za zamani, za vyuma virefu. Ukivuta mkono, vipande viwili vya mpira vinapanda na kubana janti kwa upande wa ndani. Mipira yenyewe alinichorea kwa mkaa kwenye kipande cha tairi la pikipiki, nikaikata kwa kisu. Nikavuta mkono wa breki, gurudumu likasimama pale pale, likalia kidogo. Nikavuta tena kwa raha tu.

Shemeji alifika siku mbili kabla ya Idi, na pikipiki ya kukodi, na begi kubwa jipya. Begi lilikuwa tupu. Lilikuwa la nguo za baba yake. Aliliweka mlangoni, nami kila nilipopita nililikwepa kama mtu anavyokwepa mbwa asiyemjua. Si kwamba shemeji alikuwa mtu mbaya. Jioni ile alimlisha baba yake tende kwa mkono wake mwenyewe ili zisidondoke. Alimpenda, na upendo wake ulikuwa na mpango wake tayari.

Habari za baiskeli zilikuwa zimeenea. Jirani zetu wanawake walikuja uani mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake, huyu anaomba moto, yule anaomba chungu, na wote wakaishia mbele ya magurudumu. "Ee, mama! Inangara sawa kioo!" Mmoja akarekebisha kitambaa chake cha kichwa ndani ya janti. Wakaniuliza ni mimi, nikasema ni mzee, kazi ya mzee. Wakasema wanajua ni mimi. Nikasema si mimi, lakini nilisema kwa ile sauti ya mtu anayetaka abishiwe. Mgema akisifiwa, wahenga walisema, na mimi nilisifiwa siku nzima.

Asubuhi ya Idi niliamka kuchemsha maji ya kuoga. Baiskeli ilisimama uani. Nikaona janti haing'ai kama jana, umande ulikuwa umeipitia. Nikawaza watu wote watakaokuwa msikitini. Nikakumbuka mzee alivyosema aliyapaka mawese magurudumu, na jinsi mawese yalivyoyalinda. Jikoni kulikuwa na chupa. Nikachovya kitambaa, nikafuta janti zote mbili, nje na ndani, hasa ndani, maana jua likipiga linapiga huko. Zikawaka. Nikaridhika na nafsi yangu kabisa, nikarudi kwenye maji yangu.

Mzee alitoka na kanzu nyeupe, na shemeji nyuma yake. Aliizunguka baiskeli. Mbele ya gurudumu la kwanza akainama, akakaa hapo muda, kichwa karibu na chuma, na nikadhani anaangalia upepo wa mpira, au labda, Mungu anisamehe, anaistaajabia kazi yangu. Shemeji alisimama mikono nyuma. "Iko sawa, baba? Kama haiko sawa, sema, hakuna haya."

"Iko sawa," alisema mzee.

Barabara yetu inashuka. Msikiti uko katikati ya mteremko, karibu na kwetu, na chini kabisa kuna kijito na daraja la mbao. Shemeji alitangulia kwa pikipiki ili amngoje mlangoni. Sisi wanawake tulifuata kwa miguu. Mzee aliikokota baiskeli hadi barabarani, akaweka mguu mmoja kwenye kanyagio, akajisukuma mara tatu na mguu mwingine, akapanda. Mwanzoni usukani ulitetemeka pamoja na mikono yake, na mama mmoja karibu nami akasema "Mungu wangu." Halafu magurudumu yakashika mwendo. Sijui niseme vipi jambo hili. Gurudumu lililonyooka likizunguka linataka kwenda mbele tu, na ule utashi wake ulipanda kwenye usukani ukaituliza mikono ya mzee. Nilimwona kwa nyuma, mgongo umenyooka, kanzu inapepea, chini yake duara mbili za mwanga. Nikalia machozi ya furaha mbele ya watu, sikujali.

Alipokaribia msikiti nilisikia: kla, kla. Ni mkono wa breki. Nilingoja ile sauti ya mpira kubana chuma, haikuja. Kla, kla. Na wakati ule ule nilijua. Mawese. Nilikuwa nimepaka mawese pale pale breki inaposhika.

Wanaume walikuwa wamejaa mlangoni. Shemeji alikuwa amenyoosha mikono miwili kumpokea baba yake. Mzee akampita. Akapiga kengele, akainamisha kichwa kwa heshima kwa wazee waliosimama, akapita kama mtu mwenye safari yake, na shemeji akabaki na mikono imenyooka hewani. Kisha mtu akapiga kelele, "Muzee angali na nguvu!" na wote wakaanza kucheka na kupiga makofi. Mimi sikucheka. Nilimwona akishusha mguu wa kushoto nyuma, soli ya kandambili juu ya mpira, kama wasukuma mpunga, vumbi likatimka, akazidi kushuka, akapungua, akapungua, akasimama hatua chache kabla ya daraja.

Alirudi akiikokota, taratibu, jasho likimtoka chini ya kofia. Shemeji alimkimbilia. "Baba! Juu ya nini umepita muskiti?"

"Muteremuko ilikuwa tamu," alisema mzee. "Tangu vita sikushuka hii njia na kinga. Ilikuwa tamu, nikaiacha iende."

Wazee wakashikana mabega kwa kucheka. Shemeji naye, mtu mzima, mwenye duka, akacheka mpaka akafuta macho, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Wakaingia kuswali.

Adhuhuri tulikula. Baada ya kula shemeji alilichukua lile begi, akaniomba nilijaze mchele, apelekee watoto wake, maana mchele wa Kindu hauna ladha. Akamwambia baba yake, "Bakia, baba. Lakini utaniita ukigonjwa." Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kisha shemeji akaenda kulala kidogo kabla ya safari, na uani tukabaki mzee na mimi. Nilimletea maji ya kunawa. Nilipoinama kuyaweka chini, niliona ncha ya kanzu yake, madoa mekundu ya mawese yamerukia pale.

"Mukamwana."

"Baba."

"Ku breki hawapake mawese."

Nilipiga magoti. "Nilijua niliposikia breki inapigapiga bure, baba. Unisamehe. Ningekuua."

"Miye nilijua asubui," alisema. "Niliinama nikasikia harufu."

Sikuelewa mara moja. Nilimwona tena ameinama mbele ya gurudumu, kichwa karibu na chuma, na mwanawe amesimama nyuma yake anangoja.

"Ulijua, na ulipanda?"

Alikuwa ameelekea ukuta, mikono kati ya magoti.

"Mutoto yangu alikuwa anasikiliza," alisema. "Ningesema upanguse mafuta, angesema mukamwana ameharibu. Angekurudisha kwenu."

Niliyaacha yale maji chini, nikaenda jikoni, nikafunga mlango, na huko ndiko nilikolia, maana mbele ya mkwe hatulii.